Usisaini kitu msibani

Juzi dada mmoja wa Chanika ameniandikia. Mumewe aligongwa akiwa kwenye baiskeli, dereva alikuwa amelewa, na sasa wazee wa upande wa dereva wameleta bahasha wakisema "yaishe". Ananiuliza apokee au akatae. Nimekaa na ujumbe wake siku mbili, maana bahasha kama hiyo iliwahi kuletwa kwetu.

Mdogo wangu alikuwa anasambaza mikate Mbagala. Saa kumi na moja alfajiri yuko Kizuiani, kreti nyuma, tochi kaifunga kwa mpira kwenye usukani. Mimi ndiye niliyemnunulia ile baiskeli ya Phoenix. Watu huniambia nisijilaumu, kwa hiyo nimeacha kulitaja. Gari lilimfuata hukohuko pembeni mwa barabara ya Kilwa. Waliomtoa dereva walisema harufu ya pombe iliwapiga usoni.

Walimpima saa tisa alasiri. Piga hesabu mwenyewe: kikomo cha kilevi kwenye damu kwa sheria yetu ni asilimia 0.08, na mwili hupunguza kilevi kwa takriban 0.015 kila saa. Saa kumi zinatosha kumsafisha mtu aliyekuwa karibu mara mbili ya kikomo. Ulevi ukatoka kwenye mashtaka, ikabaki kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari.

Msibani wakaja wazee wake watatu, wapole kweli, na ubani na karatasi. Mama yuko chini ya khanga, hajui mchana wala usiku. Nilisaini mimi, kaka mtu, niliyesoma. Nilidhani ni ya kupokelea ubani. Ilisema familia imeridhika.

Kwa hiyo dada: ubani pokea kama moyo unakubali, ila usisaini kitu. Kesi ni ya Jamhuri, si yako wala ya wazee. Huwezi kuifuta, lakini ukishasema yaishe mashahidi wataacha kufika na itakufa yenyewe. Chukua namba ya kesi. Halafu bima: hata ile bima ndogo ya gari ipo kwa ajili ya watu kama mumeo. Fungua mirathi mahakama ya mwanzo, omba ripoti ya polisi, dai. Sisi hatukudai; tulidhani ukishasamehe umesamehe vyote. Narudia, usisaini.

Hukumu yetu ilikuwa faini au kifungo. Akalipa siku ileile. Sifichi, nilitaka aozee gereza la Ukonga. Mwaka uliofuata nikamwona Rangi Tatu saa nne usiku, amekaa nje, chupa mezani, funguo za gari kando ya chupa. Sikumsemesha. Nilisimama pale kama mjinga nikaelewa kwamba hata angekaa ndani miaka mitatu angetoka na kiu yake ileile.

Leseni hakimu anaweza kuiondoa, sheria inamruhusu, na hilo liombeni kupitia mwendesha mashtaka kabla ya hukumu. Ipo pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo inaruhusu kifungo kisichozidi miaka mitatu kitumikiwe nje ya gereza. Najua mtasema ni laini. Mimi ningemweka Kizuiani kila alfajiri afagie ile pembeni ya barabara, jioni arudi soba hausi, nyumba ya watu wanaoacha ulevi. Mtu wa kuamka saa kumi hakeshi baa.

Na ninyi mnaosoma hapa na funguo mfukoni, msimcheke. Mimi nilikuwa narudi na pikipiki kutoka kwenye vigodoro, zile ngoma za usiku mtaani, "nimechangamka". Ndiyo neno letu la kujifichia hilo. Acheni chombo nyumbani, mpande bajaji.

Dada, tarehe ya kutajwa kesi ukiipata nitumie. Na baiskeli ya mumeo iulizie kituoni. Yetu ilikaa uani miezi kumi na minne kama kielelezo, na tulipoipata kreti lilikuwa bado limefungwa.