Pikapu kuinama mbele plau ikinyanyuliwa: usikimbilie kukaza toshenibaa

Ndugu, umesema pikapu yako ya toshenibaa (fito za chuma zinazojisokota kubeba mbele ya gari badala ya springi) huinama mbele kila ukinyanyua plau ya theluji, na fundi amekwambia zikazwe bolti za toshenibaa tu yaishe. Haiishi. Kukaza bolti kunanyanyua pua ya gari, lakini ugumu wa chuma chenyewe unabaki uleule. Unachopata ni gurudumu kukosa nafasi ya kushuka, gari kudunda, na sivijointi (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele) kufanya kazi kwa pembe kali mpaka raba zake zichanike. Kukaza kidogo ili kurudisha kimo kilichopotea, sawa. Zaidi ya hapo sishauri.

Kabla ya kununua chochote, fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha uzito: ekseli ya mbele imeruhusiwa kilo ngapi? Kisha kapime mbele ya gari kwenye mizani bila plau, wewe ukiwa ndani. Usijumlishe uzito wa plau hivihivi, maana inaning'inia mbele ya ekseli na inafanya kazi kama wenzo. Chukua plau ya kilo 350, kitovu cha uzito wake kikiwa mita 1.2 mbele ya ekseli, na mita 3.6 kati ya ekseli mbili. Mbele inaongezeka karibu kilo 467, na nyuma inapungua kama 117. Ndiyo maana matairi ya nyuma huteleza hovyo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza iko nyuma. Kwa gari la mfano huo, kilo 90 hivi za mifuko ya mchanga, mita 1.2 nyuma ya ekseli, zinarudisha uzito uliopotea na kuipunguzia mbele karibu kilo 30. Ifunge vizuri, usije ukafunga breki ikakufuata kwenye kabini.

Mbele, mimi nilifunga raba za Timbren mahali pa vile viraba vinavyozuia mikono ya gurudumu isigonge chesisi. Hazina hewa ya kuvuja, na kadiri mzigo unavyozikandamiza ndivyo zinavyozidi kuwa ngumu. Pua inashuka bado, ila kidogo, na barabara ya mashimo haigongi tena chuma kwa chuma. Plau ikivuliwa gari ni gumu kiasi, nimezoea. Kama plau inakaa kwenye gari msimu mzima, toshenibaa nene zaidi ndiyo njia ya kweli, pamoja na shokapu nzito.

Ila hakuna springi wala raba inayobadilisha namba ya kibandiko. Beringi, boljointi (viungo vya gurudumu), tai rodi (fito za usukani) na breki ni zilezile. Uzito wa mbele uliopima, pamoja na nyongeza ya plau, ukizidi namba hiyo, tafuta plau nyepesi. Kimo kikibadilika, piga alaimenti (kunyoosha magurudumu) na urekebishe taa.

Weka hapa namba za kibandiko, uzito wa plau na umbali kati ya ekseli mbili, tukupigie hesabu.