Usiihukumu timu ya besiboli mwezi Mei

Sisi tuliohamia Marekani tumekulia kwenye soka, ambako timu ikifungwa mara tatu mfululizo kocha anafungashiwa virago. Ukiifuata besiboli kwa moyo huo utachoka kabla ya Juni. Timu hucheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi, karibu kila siku, na hata timu bora hupoteza sitini hivi. Kwa hiyo achana na msimamo wa ligi hadi Juni. Sikiliza redioni ukiwa jikoni, na umjue mrushaji (anayewarushia mpira wapigaji) anayeanza siku hiyo, maana yeye ndiye mwenye mechi.

Nilijifunza hayo Washington mwaka 2019. Nationals, timu ya mji huo, walifungua msimu nyumbani kwa kufungwa 2-0 na Mets, na ilipofika Mei 23 walikuwa wameshinda 19 na kupoteza 31. Mashabiki wengi walitaka meneja Dave Martinez atimuliwe. Niliendelea kusikiliza kwa sababu ya Scherzer, Strasburg na Corbin, warushaji wao watatu wa kuanza. Msimu mrefu unadai warushaji watano wa kuanza, na wale wa akiba wa Nationals, wanaoingia katikati ya mechi, walikuwa dhaifu mno. Lakini Oktoba, wakati wa mtoano, kuna siku za mapumziko, na watatu wazuri wanaweza kuibeba timu. Ukitafuta timu ya kuishabikia, anzia kwa warushaji wake wa kuanza.

Walimaliza na ushindi 93, wakapenya mtoano wa mechi moja dhidi ya Brewers, wakawatoa Dodgers na Cardinals, wakakutana na Astros wa Houston kwenye fainali ya hadi mechi saba. Siku ya mechi ya tano shingo ilimkaza Scherzer hata mkono haukuinuka. Siku tatu baadaye alianza mechi ya saba kule Houston. Kipindi cha saba kati ya tisa wakiwa nyuma 2-1, Howie Kendrick wa Nationals akaupiga mpira ukagonga nguzo ya mpaka upande wa kulia, yaani home run iliyowaweka mbele. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta! Corbin, mrushaji wa kuanza, ndiye aliyeingia kati kusaidia. Wakashinda 6-2, na katika mechi zote saba mgeni ndiye aliyeshinda, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla.

Fainali huanza saa mbili usiku huku pwani ya mashariki, na mchezo hauna saa ya kuumaliza. Kwa walio Dar au Nairobi ni saa tisa usiku: laleni mapema, muamke.