Entebbe hadi Gulu ni muda gani? Kwa mnaoanza kazi ya tiketi

Swali mtakaloulizwa kila siku kwenye dawati la tiketi ni hili: kutoka Entebbe hadi kule ni muda gani? Msikimbilie vikokotoo vya mtandaoni. Vingi huchukua umbali wa mstari mnyoofu na kuugawa kwa mwendo wa jeti kubwa, kama kilomita 800 kwa saa, kisha vinakwambia Gulu ni dakika 23. Mteja akiamini hivyo, lawama ni zako.

Jifunzieni kwa Gulu, maana iko kaskazini ya Entebbe karibu moja kwa moja. Entebbe iko latitudo 0°03' Kaskazini, Gulu 2°48' Kaskazini. Tofauti ni 2°45', yaani dakika 165 za latitudo (kila digrii ina dakika 60), na kila dakika moja ni maili moja ya baharini, kilomita 1.852. Umbali basi ni maili 165, kama kilomita 306. Kalamu na karatasi vinatosha.

Sasa mwendo. Cessna Caravan, ndege ya injini moja utakayoiona sana kwenye viwanja vidogo vya Uganda, huenda takribani maili 160 za baharini kwa saa. Hiyo ni saa moja na dakika mbili angani. Ongeza kutambaa uwanjani, kupanda na kujipanga kutua: mwambie mteja saa moja na robo. Arua, kama kilomita 375, mwambie saa moja na nusu.

Hata jeti haiponi. Entebbe hadi Nairobi ni kama kilomita 520, kwa hesabu ya kikokotoo dakika 39, lakini ratiba huandika zaidi ya saa moja. Ratiba huhesabu tangu ndege inapotoka kwenye maegesho hadi inaposimama upande wa pili, na safari fupi hivyo, jeti ikimaliza kupanda inakaribia kuanza kushuka.

Kigali na Juba zina mtego wao: ziko nyuma yetu kwa saa moja (Juba tangu Februari 2021). Tiketi inaweza kuonyesha umefika dakika chache tu baada ya kuondoka. Na mteja wa Arua, au mama anayevuka mpaka kutoka Ariwara, Kongo, mwandikie saa kwa Kiswahili pembeni: 07:00, saa moja asubuhi. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakifika uwanjani saa saba mchana.

Halafu kuna safari kabla ya safari. Kampala hadi Entebbe ni kama kilomita 40. Barabara ya kasi iliyofunguliwa 2018 imesaidia, ila kwanza utoke kwenye foleni za mjini. Jumlisha foleni, kuripoti mapema na kuruka, Gulu inakula saa nne hivi. Basi huchukua tano au sita. Mimi mteja wa Gulu asiye na haraka humwambia wazi apande basi, hata kama bosi ananuna. Wa Kisoro simwambii hivyo. Barabara ya kule inamaliza siku nzima.

Mizigo je? Uliza kabla ya kupokea pesa. Kwenye ndege ndogo kilo 15 ndiyo kawaida, mara nyingi begi la mkononi likiwemo.