Mtoto wa hoki ya barafu asikimbizwe Kanada: tazameni njia ya Frans Nielsen

Wiki hii nimeandikiwa na mama mmoja anayeishi Jylland, Denmark. Mwanawe ana miaka 15, anacheza hoki ya barafu, na kuna wakala kamwambia ampeleke Kanada mwaka huu huu, eti asipokwenda sasa ndoto imekufa. Wakala anataka apewe hela kwanza ndipo aanze kutafuta klabu. Mama anauliza afanyeje.

Mama, mtoto abaki kwanza. Na huyo wakala asipate hata krone moja.

Sababu ni hii. Ligi kubwa za vijana za Kanada, zile wanakopita wachezaji wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, huchagua wageni wao katika zoezi rasmi la kila mwaka, na kila klabu ina nafasi chache sana za wageni. Kijana akichaguliwa, klabu ndiyo inayobeba malazi kwenye familia ya wenyeji, vifaa na safari. Kwa hiyo mkidaiwa hela ili mtoto "apate nafasi Kanada", jueni hapo hakuna ligi kubwa. Ni timu ya kulipia, na barafu za Amerika Kaskazini zimejaa timu za namna hiyo ambazo mskauti, yaani msaka vipaji wa klabu kubwa, hazikanyagi.

Sisemi Kanada haifai. Watoto wa Denmark wamekwenda: Mikkel Bødker alikwenda Kitchener, Oliver Bjorkstrand akaenda Portland, ambayo iko Marekani lakini inacheza ligi hizo hizo, na Nikolaj Ehlers akaenda Halifax. Wote walikuwa na miaka 17. Lakini angalieni walitokea wapi. Bødker alitoka shule ya vijana ya Frölunda, Sweden. Bjorkstrand alikuwa ameshacheza na watu wazima Herning, mji wa huko huko Jylland. Ehlers alikuwa ameshaonja ligi kuu ya Uswisi. Msimu wake wa kwanza Halifax alifunga mabao 49, na mwaka 2014 Winnipeg Jets wakamchagua namba 9 katika drafti, yaani lile zoezi la klabu za NHL kugawana vijana. Walivuka bahari wakiwa wameiva.

Njia ninayowashauri wengi ni ya Frans Nielsen, kwa sababu yeye hakuwa kipaji cha kutisha tangu utotoni, na bado alimaliza na mechi 925 za NHL. Amezaliwa Herning mwaka 1984. Mwaka 2001, akiwa na miaka 17, alihamia Malmö, Sweden. Mwaka 2002 New York Islanders walimchagua namba 87 katika drafti. Hapo wazazi wengi wangeshakata tiketi. Yeye akabaki Sweden miaka mingine minne, Malmö kisha Timrå, akicheza dhidi ya wanaume wenye ndevu. Alivuka 2006, na tarehe 6 Januari 2007 akawa mchezaji wa kwanza aliyefunzwa hoki Denmark kuingia uwanjani katika mechi ya NHL.

(Peter Regin mwaka 2004 na kipa Frederik Andersen mwaka 2012, wote watoto wa Herning, nao walichaguliwa namba 87. Kama mji ule una mganga, basi anajua kazi yake.)

Andersen anatufundisha jambo ambalo mawakala hulificha: kuchaguliwa si mkataba. Mwaka 2010 Carolina walimchagua namba 187, wakashindwa kuelewana, muda ukaisha, akarudi kwenye drafti na kuchukuliwa na Anaheim. Drafti inaipa klabu haki ya kuzungumza na kijana peke yake kwa muda fulani. Mshahara hauanzi mpaka karatasi nyingine isainiwe. Na mwaka 2021 ni Carolina hao hao waliomsajili, kwa bei tofauti kabisa na ile ya kijana wa namba 187.

Kwa nini Sweden? Kwa sababu kuna shule za sekondari zinazochanganya masomo na hoki, mtoto anakuwa barafuni asubuhi kabla ya darasa, na ligi za vijana ni ngumu wiki hadi wiki. Denmark ina klabu chache za ligi kuu, kwa hiyo kijana mzuri wa miaka 15 anawakuta wapinzani wale wale mpaka anawajua majina ya mbwa wao. Ila hapa Waswahili wenzangu mnisikilize: mtoto mwenye uraia wa Denmark anahamia Sweden bila kibali, lakini mwenye kibali cha ukaazi tu, kama watoto wengi wa familia zilizotoka Kongo, hana haki hiyo moja kwa moja. Anzeni karatasi mapema, mwaka mzima kabla. Muulizeni pia katibu wa klabu kuhusu kadi ya uhamisho wa kimataifa, kwa kuwa shirikisho lisipoitoa mtoto atafanya mazoezi msimu mzima bila kucheza mechi rasmi.

Sasa uwanjani. Uwanja wa Ulaya kwa desturi una upana wa mita 30. Wa NHL ni kama mita 26. Mita 2 kila upande zinaonekana kidogo, lakini ndizo alizozoea winga kupumulia. Kule beki anakufikia kabla hujainua kichwa, na paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, kinapotea ukutani. Dawa yake ni rahisi: mwambieni kocha apange koni mita 2 ndani ya kila ukuta, na zoezi la kushambulia lichezwe katikati ya koni hizo. Kijana ajifunze kutazama begani kabla ya kupokea paki, maana akishaipokea amechelewa.

Jingine ni kazi chafu. Nielsen hakujijengea nafasi kwa mabao ya kupendeza tu. Alikuwa mtu wa kutumwa mwenzao anapotolewa dakika 2 na timu kubaki pungufu. Msimu wa 2010-11 alifunga mabao 7 katika hali hiyo, hakuna aliyemfikia katika ligi nzima. Siri haiko kwenye mbio. Wanne waliobaki wanasimama kama pembe nne za meza mbele ya kipa, gongo la kila mmoja likilala barafuni kwenye njia ya pasi, si hewani. Kosa la vijana ni kumfukuza mwenye paki hadi kona. Pembe moja ikitoka, pasi inapita katikati na bao limeingia. Ukiipata paki, usichenge. Ipige moja kwa moja hadi upande wa pili, maana ukiwa pungufu hilo haliitwi kosa. Kocha hufikiri mara mbili kabla ya kumshusha kijana mwenye kazi hii.

Na kushushwa kutakuja tu. Nielsen mwenyewe alianzia ligi ya chini, kwenye klabu ya Bridgeport, na misimu miwili ya mwanzo alikuwa anapanda na kushuka. Mara nyingi haihusiani na kiwango. Mkongwe akiteremshwa, klabu nyingine inaweza kumchukua bure njiani; kijana mpya halindwi na sheria hiyo, kwa hiyo ndiye anayefungashwa. Mfuko pia unashuka naye. Mshahara wa chini wa NHL msimu wa 2025-26 ni dola 775,000, lakini wa kijana wa mkataba wa kwanza akiwa ligi ya chini haufiki hata laki moja. Hapo hujatoa kodi na asilimia ya wakala.

Mikataba mikubwa nayo ina mkia. Mwaka 2016 Detroit walimpa Nielsen miaka sita kwa dola milioni 31.5. Mwaka 2021, ukiwa umebaki mmoja, wakauvunja. Kwa mchezaji wa miaka 26 na zaidi, klabu inayovunja mkataba hulipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ikiugawa kwa muda mara mbili. Aliye chini ya hapo hupata theluthi moja. Nielsen akaenda Berlin, akatwaa ubingwa wa Ujerumani 2022, na mwaka huo huo akafunga Beijing katika mechi ya kwanza kabisa ya wanaume wa Denmark kwenye hoki ya Olimpiki, waliyoishinda Cheki 2-1. Nchi iliyofungwa na Kanada 47-0 mwaka 1949! Na Mei 2025, pale pale Herning, Kanada hao hao wakatolewa 2-1 robo fainali ya dunia. Wanaosema Denmark ni padogo mno kumlea mchezaji waangalie saa ya mechi ile: bao la pili liliingia zikibaki sekunde 49.

Swali la mwisho la mama lilikuwa gongo, kwa kuwa mtoto analalamika mashuti hayanyanyuki. Gongo la kisasa lina namba ya ugumu. Kanuni ya kuanzia ni nusu ya uzito wa mchezaji kwa ratili. Mtoto wa kilo 60 ana ratili 132, kwa hiyo anahitaji gongo la 65 hivi. Wao wamemnunulia la 85 "akue nalo", kisha wakalikata sentimita 5 limfikie kidevuni akiwa amevaa viatu vya barafu, na ukikata gongo linazidi kukakamaa. Hawezi kulipinda, ndiyo maana paki inatambaa. Lipatikane la 65. Lile lililokatwa apewe mwenzake mnene aliye mfupi, lisikae stoo.