Siku ya hofu yangu: jibu kwa dada anayengoja hofu iishe

Dada uliyeleta mada, nimekusoma mara mbili. Una miaka 38, umepata nafasi ya kusomea uuguzi, fomu iko mezani na siku ya mwisho ya kuirudisha ni mwisho wa mwezi huu. Miaka miwili unamwomba Mungu akuondolee hofu ya kufeli mbele ya vijana wenye umri wa wanao, na hofu haijaondoka. Sasa mnaosali nao wamekwambia hofu ni dalili ya imani haba, nawe unatuuliza: ninyi wenzangu ujasiri mliupataje?

Mimi nilifanya kwanza, ujasiri ukaja baadaye, tena haukuja wote. Nikiishia hapo sitakuwa nimekusaidia, kwa hiyo nivumilie nisimulie.

Nina kigugumizi tangu utotoni. Si kile cha kukwama kidogo mtu akishtuka. Changu kinafunga taya, macho yananitoka, na anayenisikiliza anaanza kunimalizia maneno kwa huruma. Herufi zinazonitesa ni B na P. Sasa fikiria Mkristo asiyeweza kutamka B. Bwana yuko kila mstari! Petro, Paulo, Pontio Pilato, Babeli, Bethlehemu, kote huko kwangu ni mabonde na makorongo. Kwa karibu miaka kumi nilihudhuria kikundi cha kujifunza Biblia na sikuwahi kusoma kwa sauti hata siku moja. Tulikuwa tunasoma kwa zamu, kila mtu mstari wake, nami nikawa hodari wa hesabu. Nahesabu watu, nahesabu mistari, nikiona wangu umeangukia kwenye B natoka nje kama mtu aliyepigiwa simu ya haraka. Siku nyingine nilichelewa makusudi ili nikute wameshamaliza kusoma.

Na muda wote huo nilikuwa naomba, mara nyingine kwa kufunga. Nilikuwa na utaratibu wangu kichwani ambao nilidhani Mungu naye ameukubali: aniponye ulimi, kisha anipe ujasiri, kisha nisome.

Utaratibu huo ulivunjwa na mstari mmoja mfupi, Zaburi 56:3: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Nilishausoma mara nyingi, ila usiku ule macho yalinasa kwenye neno "siku". Daudi hasemi siku hofu itakapokwisha. Kichwa cha zaburi kinasema ni ya wakati Wafilisti walipomkamata huko Gathi, na Gathi ndio mji aliotoka Goliathi. Yaani Daudi huyu ndiye kijana yule yule aliyemuua Goliathi, tunayemtaja kila mahubiri ya ujasiri. Ukitaka kuona hali aliyokuwa nayo huko, soma 1 Samweli 21: alimwogopa sana mfalme Akishi mpaka akajifanya mwendawazimu, akikwaruza milango, mate yakimtiririka ndevuni. Huyo ndiye anayesema nitakutumaini. Hofu na tumaini vinakaa ndani ya mtu mmoja, siku moja.

Nilipoliona hilo kwa Daudi, nikaanza kuwaona waoga kila mahali katika Biblia. Musa alijitetea kwamba "ulimi wangu ni mzito" (mimi nimeshamhesabu kuwa ndugu yangu wa damu), na Mungu hakuugusa ule ulimi. Alimpa Haruni wa kumsaidia kusema, akamtuma vile vile alivyo. Gideoni malaika alimkuta anapura ngano kwenye shinikizo la kukamulia zabibu, amejificha Wamidiani wasimwone, na hapo hapo mafichoni ndipo anapoitwa shujaa. Alipoagizwa kubomoa madhabahu ya Baali alichukua watumishi kumi akaenda usiku, na Waamuzi 6:27 inataja sababu bila kumfichia aibu: aliwaogopa watu wa nyumba ya babaye na watu wa mji. Sijaona mahali Mungu alipomkemea kwa kwenda usiku. Kulipopambazuka madhabahu ilikuwa chini. Paulo naye anawaandikia Wakorintho kwamba alikuwa kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi", na ukirudi Matendo 18 utaona kwamba akiwa katika mji huo huo Bwana alimwambia usiku katika maono, "Usiogope, bali nena, wala usinyamaze." Mtu asiyeogopa hana haja ya kuambiwa hivyo.

(Kwa kupita tu: yale madai kwamba neno "usiogope" limo mara 365 katika Biblia, moja kwa kila siku ya mwaka, tuyaache. Niliwahi kukaa na itifaki ya Biblia, kile kitabu kinachoonyesha kila neno limo mistari gani, kuhesabu, sikufika hata nusu. Wala halihitaji kuwa mara 365. Kwa Paulo mara moja ilitosha kumweka mji ule mwaka mmoja na miezi sita.)

Basi, siku ya kusoma. Kiongozi wetu wa kikundi, mama mmoja mtu mzima asiye na maneno mengi, alikuwa ameshaniona ninavyotoroka. Hakunihubiria. Aliniambia tu, "Mwanangu, wiki ijayo utatusomea Zaburi ya 23. Ina mistari sita. Tutakungoja." Nilikubali kabla sijakumbuka inaanzaje. Inaanza na "Bwana ndiye mchungaji wangu."

Wiki nzima sikulala vizuri. Siku ilipofika nilisimama, nikafungua mdomo, na B ikakataa. Ikakataa kabisa. Siwezi kukwambia ilikuwa muda gani, mimi niliona kama saa nzima. Mtoto mmoja aliyekuja na mama yake akacheka, akanyamazishwa, na kule kunyamazishwa kukaniumiza kuliko kicheko. Jasho likanitoka. Kisha "Bwana" ikatoka, imekatikakatika vipande vitatu, nikaendelea. Kwenye "bonde la uvuli wa mauti" nikakwama tena. Mistari sita nadhani ilichukua dakika nane. Mama yule alisema "Amina", akaanza kufundisha kama kawaida, nami nikakaa.

Naomba ulione jambo hili vizuri kwa sababu ndilo nililokuja kukwambia. Kile nilichokiogopa miaka kumi kilitokea. Nilikwama mbele za watu, nikachekwa. Kigugumizi hakikuondoka siku ile wala hakijaondoka leo. Nilichogundua nikiwa nimekaa pale, shati limenigandia mgongoni, ni kwamba aibu niliyoikimbia imenipata na bado nipo, na yule niliyetoka kumsoma kwamba yu pamoja nami bondeni hakuwa ameahidi kunipitisha njia nyingine. Zaburi ile inasema "nijapopita". Wiki iliyofuata nilisoma tena, nikiogopa pungufu kidogo. Kidogo tu.

Baadaye nilisoma habari za Martin Luther King, yule mchungaji wa Marekani aliyepigania haki za watu weusi, nikaona jambo hilo hilo kwa ukubwa ambao mimi siufikii. Januari 1956, akiwa na miaka 27, mgomo wa Montgomery, watu weusi wakikataa kupanda mabasi yenye ubaguzi, ukiwa umeanza mwezi uliotangulia, alipigiwa simu usiku ya kutishiwa maisha. Akashindwa kulala, akaenda jikoni, akachemsha kahawa, na mwenyewe alieleza kwamba alikuwa anatafuta namna ya kujitoa bila kuonekana mwoga. Akaomba kwa sauti pale mezani, akamwambia Mungu kwamba nguvu zimemwishia. Anasema alijisikia kuambiwa asimame kwa ajili ya haki na Mungu atakuwa upande wake. Siku tatu baadaye nyumba yake ikalipuliwa kwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Hawakudhurika, naye aliipokea habari kwa utulivu uliowashangaza watu. Lakini bomu lilikuja. Maombi ya jikoni hayakulizuia.

Sasa upande wa pili, maana kuna watu watakaosoma hapa wakaacha kazi kesho asubuhi. Mimi niliwahi kuruka bila kuitwa. Miaka michache baada ya kile kisa cha zaburi nilijiona mtu wa imani. Nikaacha ajira, nikachukua mkopo, nikaanzisha biashara nisiyoijua, kwa sababu nilisikia mahubiri kwamba ukiruka Mungu atakudaka. Mke wangu aliniuliza maswali matatu ya hesabu na nikamjibu kwa mistari ya Biblia. Miezi kumi na moja, biashara ikafa. Deni nililipa kwa miaka minne. Hakuna wa kumlaumu, ni mimi. Baadaye ndipo niliposoma Mathayo 4 kwa macho mengine: anayemwambia Yesu "jitupe chini", tena kwa kunukuu zaburi, ni Ibilisi. Na Yesu ndiye aliyesema mtu akitaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Nilikuwa nimewabadilishia nafasi.

Mwenye kuhesabu vizuri kuliko wote kwangu ni malkia Esta, alipotakiwa aende kwa mfalme kuwaombea watu wake wasiuawe. Watu wanapenda "nikiangamia, na niangamie", wanairuka Esta 4:11, pale anapoeleza hatari moja moja: sheria ni moja, anayeingia kwa mfalme bila kuitwa anauawa, isipokuwa akinyoshewa fimbo ya dhahabu, na yeye hajaitwa siku thelathini. Anajua kila kitu kinachoweza kuharibika. Kisha anaomba watu wafunge pamoja naye siku tatu. Kisha anavaa nguo za kifalme, anaingia. Ingekuwa mimi wa enzi zile za biashara, ningeingia siku hiyo hiyo na nguo za nyumbani.

Nilipata nafasi ya kujaribu njia ya Esta kazini. Nilikuwa karani wa stoo, nikaambiwa nitie sahihi kwamba mzigo umepokelewa wakati rafu zilikuwa tupu. Aliyeniambia alikuwa mkubwa wangu, na alinikumbusha kwa upole kwamba nina watoto. Niliogopa mpaka tumbo likaharibika. Safari hii nilikaa na mke wangu tukapiga hesabu: akiba yetu ingetufikisha miezi mitano, tukibana sana sita. Nikawaambia ndugu wawili waniombee, nikiwaeleza jambo lenyewe bila mafumbo. Na kwa kuwa najua ulimi wangu mbele ya wakubwa, nikafanya kama Gideoni: nikaandika usiku barua fupi ya kukataa, asubuhi nikaiacha mezani kwake nikiwa natetemeka.

Ungependa nikwambie kwamba nilipandishwa cheo. Mkataba wangu haukuongezwa. Nilikaa miezi minane bila kazi, akiba ikaisha mwezi wa sita kama tulivyohesabu, miwili iliyobaki tukaishi kwa msaada wa watu wa kikundi kile kile cha Biblia. Kazi niliyopata baadaye ina mshahara mdogo kuliko wa mwanzo. Wale vijana watatu wa Danieli 3, waliotishiwa tanuru la moto kwa kukataa kusujudia sanamu, walipomwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, waliongeza maneno ambayo sisi tukitoa ushuhuda tunayaruka: "Bali kama si hivyo." Mimi na nyumba yangu tuliishi ndani ya maneno hayo miezi minane, na sijatamani hata siku moja kuirudisha barua ile.

Kwa hiyo dada, kwa wanaokwambia hofu ni imani haba, waulize Gethsemane ilikuwa nini. Marko 14 inasema Yesu "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika", akaomba kikombe kimwondokee, tena mara tatu. Ila kama unachokiita hofu ni moyo kwenda mbio bila sababu, usingizi kukimbia majuma mengi, pumzi kukatika ukiwa umekaa tu, mwone daktari. Wewe unaenda kusomea uuguzi, hilo huhitaji kufundishwa nami.

Swali lako halisi naona ni kama kurudi darasani ni wito au ni kuruka kama nilivyoruka mimi. Siwezi kukujibia, lakini naona dalili nzuri katika ulichoandika. Unasema ada ya mwaka wa kwanza umeshaiweka. Mume wako anaunga mkono. Umemuuguza mama yako miaka mitatu na jirani wanakuita wakiwa na mgonjwa. Mnara wako umeuhesabu. Kilichobaki katika maelezo yako ni watoto wa miaka 19 kukucheka ukikosea hesabu ya dawa. Watakucheka, dada. Mmoja au wawili lazima. Mithali 29:25 inasema kuwaogopa wanadamu huleta mtego, na huo mtego naujua, nimelala ndani yake miaka kumi nikiuita kungoja majibu ya maombi.

Badilisha ombi. Acha kuomba hofu iondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Omba uwezo wa kuandika jina lako kwenye fomu mkono ukiwa unatetemeka, halafu uandike. Makuhani waliobeba sanduku la agano Israeli wakivuka, Yoshua 3, nyayo zao ziligusa maji ya Yordani wakati wa mavuno, mto umefurika kingo zote, ndipo maji yakasimama. Ukitaka, mwambie mtu mmoja siku utakayoipeleka akusindikize. Mimi bila yule mama na "tutakungoja" yake ningekuwa bado natoka nje na simu isiyolia.

Ukishaipeleka rudi utuambie, nina haja na habari hiyo. Mimi mwenyewe Jumapili hii nimepangiwa kusoma Warumi 16, sura ya salamu, majina matupu kuanzia juu mpaka chini: Priska, Ampliato, Urbano, Persisi, Patroba. Nimeifungua leo mchana mara moja na kuifunga.