Lita si kilo: hesabu ya soda kwenye sabuni ya mawese

Sabuni yangu ya kwanza ilimchubua shangazi vidole. Nilinunua dumu la lita 20 la mawese hapa Kigoma, nikaazima mizani ya kupimia kostiki soda, nikajiona mtaalamu kwa sababu hesabu niliipiga kwa kalamu. Kumbe lita 20 nilizifanya kilo 20! Mawese ni mepesi kuliko maji. Lita moja ina kama gramu 900. Dumu lile lilikuwa kilo 18 tu, na soda iliyokosa mafuta ikahamia mikononi mwa shangazi.

Mlinganyo wa kemia wa kutengeneza sabuni, ukishasawazishwa, unasema molekuli 1 ya mafuta inataka 3 za soda, zinatoka 1 ya glisarini na 3 za sabuni. Mpwa wangu wa kidato cha tatu alipouona akauliza, "Mjomba, si kilo moja ya mafuta kwa kilo tatu za soda?" Hapana. Namba zile zinahesabu, hazipimi. Ukiambiwa mgebuka mmoja, samaki mkubwa kuliko dagaa, kwa dagaa watatu, hujaambiwa kilo ngapi, na molekuli ya mafuta ndiyo mgebuka.

Basi geuza hesabu iwe uzito. Moli ni idadi maalumu ya molekuli, ileile kwa kila kitu, kama dazeni. Soda ina atomu moja moja za sodiamu, oksijeni na hidrojeni, na uzito wake ni sodiamu 23, oksijeni 16, hidrojeni 1: moli moja ya soda ni gramu 40, tatu ni 120. Mawese ni mchanganyiko wa mafuta kadhaa, ila moli moja kwa wastani ni gramu 850 hivi. Gawa 120 kwa 850, unapata 0.141, yaani gramu 141 za soda kwa kila kilo ya mawese. Dumu langu lilitaka gramu 2,538. Mimi nilitia 2,820.

Siku hizi napunguza asilimia 5 kwenye jibu, natia 2,411, ili yabaki mafuta kidogo badala ya soda. Tena nanunua soda iliyofungwa vizuri, maana kopo likikaa wazi hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, ukapima gramu ambazo si soda zote. Sufuria za alumini ziache jikoni. Soda inazila na kutoa hidrojeni. Vaa glavu, na soda ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda.

Shangazi anaitumia sabuni yangu, ila kila mche mpya lazima ninawe mimi kwanza, yeye akitazama.