Barua kwa mwanangu: tope lililo chini ya barafu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini wanasayansi wanahatarisha maisha kwenda na meli hadi Antaktika, kwenye mabamba ya barafu, yaani barafu nene zinazoelea baharini zikiwa zimeshikamana na nchi kavu, yanayovunjika, ilhali setilaiti zinaona kila kitu. Ni kweli zinaona. Mwaka 2002 zilituonyesha bamba la Larsen B likisambaratika: kilomita za mraba zipatazo 3,250, unene wa mita zaidi ya 200, likaisha kwa wiki tano hivi.

Ila picha ilisema limevunjika, basi. Je, liliwahi kuvunjika zamani, likajiunda upya? Jibu lilikuwa kwenye tope la sakafu ya bahari, na tope halipigwi picha kutoka angani. Lazima meli ifike, ishushe bomba refu, ichomoe tope likiwa bado na matabaka yake. Maji yakiwa wazi, mwani mdogo usioonekana kwa macho huota juu, hufa, na magamba yake huzama. Barafu ikifunika, magamba huwa haba. Basi tope husomwa tabaka kwa tabaka, miaka maelfu.

Jirani yake Larsen B, bamba la Prince Gustav, tope lilionyesha kwamba liliwahi kutoweka maelfu ya miaka iliyopita, kisha likarudi. Lakini mwanajiolojia Eugene Domack na wenzake walipochapisha matokeo ya Larsen B mwaka 2005, ilikuwa habari nyingine kabisa: lilidumu zaidi ya miaka 10,000. Mwanangu, hapo ndipo nilipoacha kusema "ni mzunguko tu wa dunia." Nilikuwa nikilisema sana neno hilo, unakumbuka.

Na bamba lenyewe, kwa kuwa linaelea, likiyeyuka halipandishi bahari kwa kiasi cha kutajika. Kinachopandisha ni mito ya barafu ya nchi kavu iliyokuwa ikizuiwa nalo. Nyuma ya Larsen B, mito hiyo iliongeza kasi mara kadhaa.

Hatari ipo, sikufichi. Mara nyingine safari hukwama: mwaka 2018 meli James Clark Ross ilizuiwa na barafu ya baharini, ikageuza. Lakini Januari 2025 kipande cha kilomita za mraba 510 kilimeguka kwenye bamba la George VI, na meli ya utafiti iitwayo Falkor (too) ilikuwa karibu. Siku chache baadaye ikateremsha roboti pale palipokuwa pamefunikwa. Wakakuta matumbawe na sifongo, hai, makubwa. Setilaiti ingeona maji tu.

Baba yako